Chafya za Bobi na Mama Mkwe

Iyunga, Jumamosi

Yaani leo sikuogopa kama mara ya kwanza. Mbwa wetu Bobi kasimama mlangoni, shingo kainyoosha, anavuta pumzi kwa kukoroma kama mtu anayekabwa. Mama mkwe, aliyefika jana kutoka Ipogolo, akaja mbio na kikombe cha maziwa.

"Huyu mbwa kala sumu! Mnyweshe!"

Nikamzuia. Angepaliwa, hapo ndipo tungemzika kweli.

"Mama, ni chafya tu, inaingia ndani badala ya kutoka. Daktari wa mifugo alinifundisha." Nikamsugua Bobi koo taratibu. Akameza, akatulia.

Chafya hizi zikizidi nitamrudisha kwa daktari. Wasiwasi huo bado ninao.

Jioni moshi wa jiko ukamwanzishia chafya tena. Nilipotoka bafuni nikamkuta mama mkwe, ambaye hagusi mbwa, kapiga magoti, anamsugua koo.

"Usitupigie kelele," akaniambia kabla sijafungua mdomo.