Fataki Zilizolala Kwenye Bani la Baba

Baba Salma, Sajini wangu,

Shikamoo. Ulipokuwa hai hukutaka nikuamkie hivyo, ulidai nakuzeesha. Leo ipokee tu, maana huko uliko huna pa kukimbilia.

Nakuandikia hadharani kwa sababu nimeudhika. Tulipomaliza arobaini yako, jirani mmoja hapa mtaani Chemchem aliwaambia wajukuu, "Babu yenu jeshini alikuwa mpiga fataki." Watoto wakacheka, wakadhani ulikuwa unarusha zile za harusini. Mpiga fataki! Nilitaka kumjibu pale pale, lakini nyumba ilikuwa imejaa watu na sinia za pilau zilikuwa zinapita. Sasa nimekaa, nina kalamu, na atasoma na yeye.

Unakumbuka ulivyofika Usoke, kijijini kwetu? Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, ulishuka kwenye treni na begi moja la turubai, sare imenyooshwa mpaka inatisha. Ulikuja kutufundisha mgambo. Baba yangu ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na ndiye aliyekupokea stesheni. Ulimwambia, "Shikamoo mzee," naye akaitika marahaba huku anakupima kuanzia viatu. Jioni alituambia nyumbani kwamba wametuletea kijana msafi mno, sijui kama anaweza kulala chini.

Wasichana tulikuwa wachache kwenye mafunzo, na mimi nilikuwa na mdomo kuliko wote. Ulipotoa lile bomba la aluminiamu, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, nikasema kwa sauti, "Afande, hiyo ni tochi au mchi?" Wenzangu wakaangua kicheko. Wewe hukukasirika. Ulisema ni fataki ya ishara, ya kuita msaada au kuwaonyesha wenzako ulipo, na hilo ulilolishika halina baruti, ni la kufundishia. Ukatuamuru tufumbe macho, ukalipitisha mkono kwa mkono.

"Nitafutieni chini yake ni wapi," ukasema.

Tulipapasa. Upande mmoja ulikuwa laini, upande wa pili kifuniko chake kilikuwa na vipele.

"Mtu aliyekitengeneza hiki simjui," ukatuambia, "lakini yeye aliwajua ninyi. Alijua atakayekitumia atakuwa gizani, amechoka, anatetemeka, labda hata haoni. Akamwekea vipele upande wa chini ili asije akajielekezea moto kifuani."

Baba Salma, nakwambia kweli, nilikupenda saa hiyo hiyo. Sikuwahi kumsikia mwanamume akimsifu mtu asiyemjua kwa huruma aliyoiweka ndani ya chuma.

Halafu ukatuonyesha hatua. Kwanza pini, isipotoka kifuniko hakizunguki. Kifuniko kisipofunguka, kamba haishuki. Na kamba isipovutwa kwa nguvu na kwa kusudi, kinyundo kilichomo ndani hakigongi. Hata kikigonga, nyota nyekundu iliyomo ndani haiwaki karibu na mtu: roketi huipandisha kwanza, na katikati kuna baruti ya kuchelewesha, inaungua polepole mpaka iwe juu kabisa, ndipo mwavuli wa kuishikilia hewani unafunguka na nyota inawaka. Mtu mmoja akauliza kwa nini wasiweke kitufe kimoja tu cha kubonyeza, wasitusumbue. Ukamjibu, "Wewe ungeshajilipua unatafuta sigara mfukoni." Tulicheka sana. Hata kucheka kwetu ulikutumia kufundisha, ukasema kila hatua pale ni swali, inamuuliza mtu kama ana hakika.

Nilijifunza mpaka nikawa nakufungulia ile ya mazoezi nikiwa nimefungwa kitambaa usoni. Ndiyo maana ukanichagua mimi nirushe ile ya kweli siku ya kufunga mafunzo, mbele ya mgeni rasmi kutoka Tabora. Baba yangu alivimba kwa furaha. Alimwambia kila mtu aliyekutana naye, hadi abiria wasiomjua pale stesheni, kwamba binti yake ndiye atakayewasha mbingu ya Usoke.

Kasha la fataki za kweli lilifika kabla yako, akakabidhiwa yeye kama mwenyekiti, na amri ilikuwa lisifunguliwe mpaka siku yenyewe. Ulimuuliza tangu wiki ya kwanza, "Mzee, mahali lilipo ni pakavu?" Akakujibu pakavu kabisa na kufuli ipo. Ukaridhika.

Asubuhi ya sherehe uwanja wa shule ulifurika. Ngoma zimeshaanza, akina mama wamejifunga kanga mpya, mgeni rasmi ameketi. Nimesimama mbele na sare yangu, naona kichwa kimekuwa kikubwa. Ukafungua kasha. Ukainama. Nikakuona unanusa! Ukachukua moja, ukapitisha kidole kwenye kifuniko, ukaiweka chini taratibu sana.

"Mzee," ukamwita baba, "hizi zilikaa wapi?"

"Kwenye bani langu," akasema kwa fahari. "Usoke nzima hakuna pakavu kuliko pale. Masika yote hazikuguswa na tone la maji."

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, bani ni nyumba ya kukaushia tumbaku. Moto wa magogo unawaka siku nenda siku rudi, jani mpaka ligeuke dhahabu, kisha moto unazimwa, bani linapoa, jani linapata unyevu kidogo lisivunjike, halafu mzigo mwingine unaingia na moto unawashwa tena. Msimu mzima. Mkulima wa tumbaku akiwa na kitu cha thamani asichotaka kiloe, atakiweka wapi kwingine? Hata vyeti vyetu vya ubatizo na nguo za sikukuu zilikaa mle.

Ukasema, "Hazirushwi."

Weee! Baba aliruka kama aliyekanyaga kaa. Alikuuliza unataka kumwaibisha yeye, au mwanawe, au chama? Mtu mmoja nyuma akatamka neno hujuma, na miaka ile neno hilo mtu hakulitamka kwa mchezo. Ungeweza kuvuliwa cheo, ungeweza hata kufungwa. Mgeni rasmi akakuita mezani, akakuuliza kwa upole kama pini zipo. Ukasema zipo. Kama vifuniko vipo. Ukasema vipo. "Sasa kuna nini, Sajini?"

"Pini inamzuia mtu, ndugu mgeni rasmi. Haizuii joto. Nta ya kwenye vifuniko imeyeyuka na kuganda tena. Kama nta imeyeyuka, sina imani na baruti iliyoko ndani."

Nami nilikujia juu, nikakwambia, "Afande, sema tu huniamini mimi!" Ulimgeukia mgeni rasmi. Uliomba ruhusa ya kujaribu moja.

Uliifunga kwenye nguzo ya goli, mdomo juu, usawa ambao mtu angeishika. Ukaiunganisha na kamba ndefu ya katani, ile ile ya kufungia marobota ya tumbaku. Ukawasogeza watu wote mbali, ukajificha nyuma ya kichuguu, ukavuta mwenyewe.

Sisi tulisubiri mlio wa kupanda, fyuuu, kama ulivyotuigizia darasani. Haukuja. Ulikuja mshindo mmoja tu. Akina mama walipiga yowe, ng'ombe wakakata kamba. Moshi ulipotawanyika, bomba halikuwepo, na nguzo ya goli ilikuwa imemeguka pale pale ulipokuwa umeifunga.

Niliutazama mkono wangu wa kulia, nikautia mfukoni. Sijui nilikuwa namficha nani.

Ulitueleza baadaye, tukiwa tumekaa chini kama darasani, mgeni rasmi naye kakaa. Baruti ya roketi imeshindiliwa iwe kitu kimoja kizima. Ikiwa nzima, moto unaila kuanzia upande mmoja, kwa mpango, na roketi inapanda. Joto na baridi ya bani vimeipasua ndani, na kwenye kila ufa moto unapata mlango. Ukatafuta mfano, ukamwangalia baba: "Mzee, gogo zima kwenye tanuru na gogo hilo hilo ukilichanja vijiti, ukaviwasha vyote mara moja, moto ni ule ule?" Baba akatikisa kichwa polepole. Hilo hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kisha akasimama, akavua kofia. Mzee yule, ambaye hata mbele ya watemi alikuwa na kiburi chake, aliishika kifuani mbele yako. "Nilizitunza, Sajini. Haki ya Mungu nilizitunza kuliko tumbaku yangu."

"Najua, mzee," ukasema. "Hakuna aliyewahi kuzitunza kwa moyo hivyo. Kosa ni langu. Nilikuuliza kama ni pakavu, sikukuuliza kama pana moto."

Ungeweza kushinda siku ile, Baba Salma. Kijiji kizima kilikuwa tayari kukubeba juu juu. Wewe ukachukua lawama ukajitwisha, ukamrudishia mzee wa watu heshima yake mbele ya watu wake. Nguzo iliwatisha wengine. Mimi lililonimaliza ni lile jibu. Ulipotuma posa, baba hakuuliza kabila wala dini, alisema tu, "Huyo? Mpeni."

Umenichosha lakini, tusidanganyane. Jiko la mafuta hukuniruhusu kulijaza likiwa na joto hata siku moja. Dawa za watoto uliziweka juu ya kabati ambako hata mimi sikufika. Salma aliolewa anajua kukagua mtungi wa gesi kuliko fundi. Nilikuita Bwana Pini, ukacheka, ukaendelea kukagua. Nilikuwa nanung'unika huku najisikia salama, na hilo sikukwambia vya kutosha. Nakwambia sasa. Nilikuwa salama, mume wangu, miaka yote.

Nyumba imekuwa kimya. Asubuhi bado nateka maji ya kuoga ya watu wawili, najikuta nimesimama na ndoo ya pili sijui niipeleke wapi. Nakulilia, na sioni haya.

Ulipolala kitandani mwisho, hukuweza tena kushika kijiko. Nilikulisha uji kwa mkono huu wa kulia. Nilikunyoa ndevu, nikakukata kucha, nikakushikia kikombe mpaka maji yalipokataa kushuka. Na alfajiri ile ulipotutoka, Salma alitaka kukufumba macho, nikamwambia hapana, mwanangu, nipishe.

Nilikufumba kwa mkono huu huu, Sajini. Mkono wangu ulikuwa na vidole vyote.

Mkeo,
Mama Salma