Baba Yako Halindi Mbuzi

Akeno,

Ukirudi na maji utakuta hatupo. Nimempeleka baba yako hospitali Lodwar. Uji uko kwa sufuria, mwekee mdogo wako Ejore wake. Mbuzi mwenye mimba asitoke leo. Samaki wa chumvi mpe jirani, usimpikie baba tena.

Asubuhi nimemkuta amelala ameketi, ameegemea gunia la unga. Nikamtania, "Mzee, bado unalinda mbuzi?" Hakucheka. Nikamwambia ajinyooshe kidogo. Kulala tu, pumzi ikakata, akainuka kama mtu ametolewa ziwani. Miguu imevimba, nikibonyeza kidole shimo linabaki.

Si nesi alituambia siku ya kwanza ya dripu ya baba yako? Dawa ya kansa inaweza kuchosha moyo. Mkiona pumzi fupi au miguu kuvimba, semeni mapema, moyo usaidiwe. Baba yako anaogopa wakijua watamkatia dripu hiyo, kwa hivyo ananificha. Na hilo gunia halikutembea lenyewe, Akeno. Mimi nikiwa Kalobeyei nauza makaa, wewe unamwekea baba gunia mgongoni na unanyamaza.

~~Sijakasirika.~~ Nimekasirika. Lakini kula kwanza.

Simu usizime. Daktari akimuuliza, baba yako atajibu "ejok, ejok", kila kitu kizuri. Kwa hivyo nitampa daktari namba yako. Akipiga, mwambie baba yako alianza lini kulala ameketi. Usipunguze hata siku moja.

Atakununia. Wacha anune, bora anapumua.

Mama yako