Utanitambua

Pasiansi, Jumanne

Na kesho lazima niseme mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Baba Neema, jirani wa juu yetu hapa mlimani, ameweka geti kwenye njia kati ya mawe, njia pekee ambayo mama anaiweza kwa fimbo yake akienda kliniki. Leo amesikia kwamba shahidi ni mimi. Akanivizia gengeni.

"Wewe binti, utanitambua."

"Shikamoo, baba. Mbona nimeshakutambua? Si wewe Baba Neema?"

Muuza nyanya alicheka hadi akakosea chenji. Mzee akapandisha sauti: "Hunijui wewe!" Sasa achague moja. Nimemtambua au simjui?

Vitisho vya namna hii huku mtaani tunaita kuchimba mkwara. Huyu anachimba tangu tuhamie, angekuwa anachimba kisima tungeshapata maji.

Lakini humu daftarini niseme kweli. Nilipofika nyumbani nilifunga komeo, kisha nikarudi kulihakikisha mara tatu. Wanaoniambia "usiogope" hawapakani naye.

Kesho mwenyekiti ataniuliza kama namtambua aliyefunga njia. Sauti itatetemeka, najua. Nitanyoosha kidole na kujibu: ndiyo, namtambua. Mwenyewe aliniahidi.