Ufa Uliopona

Kibokoni, Mombasa

Kwa kakangu Saif,

Assalaam alaykum. Nataraji barua hii itakukuta Maskati u mzima, joto la huko halijakukausha ukawa kama papa wa ng'onda. Sisi huku hatujambo: twala, twateta, twashukuru.

Kakangu, bahati ya nduguyo sasa yastahili vigelegele. Ile grafu iliyomtoa Shangazi Mwanabaraka katika nyumba yake, baada ya ukoo mzima kushindwa kwa maneno na machozi, ni kazi yangu. Ndiyo, mimi, niliyeiaga shule kidato cha pili bila ya kugeuka nyuma. Makadara yote yajua. Muuza kahawa aniona kwa mbali, kikombe kishajaa. Shangazi najua ameshakupigia simu, lakini nataka uyapate kwangu kwa kirefu.

Waukumbuka ule ufa wa chumbani kwake, ukuta wa upande wa kichochoroni. Ofisi ya Injinia Badruddin ninapofanya kazi iligundisha kipimo juu yake, na mimi ndiye nipandaye ngazi kusoma umepanuka kiasi gani. Ulikuwa wapanuka kila mwezi. Injinia akasema Shangazi ahame upesi, nyumba itegemezwe mbao, ukuta ujengwe upya. Shangazi akajibu kwamba hatoki hata huo ukuta ukimpigia magoti. Tukaonelea tumwoneshe kwa picha.

Hapo ndipo aingiapo Aqeel. Huyu ni kijana wa Tudor, ametoka chuo kikuu juzi, shati halina kunyanzi hata akishuka kwenye tuktuk. Sina neno naye. Ila tu ofisi nzima ikawa Aqeel hivi, Aqeel vile, na Shangazi, aliyenilea mimi tangu sijaota meno, akawa amwita "mwanangu" na kumwekea mahamri ya motomoto. Mimi nikipanda ngazi na vumbi la chokaa puani, naambiwa nisichafue mswala.

Injinia akatwambia kila mmoja alete grafu yake. Kakangu, yangu ilikuwa harusi. Nilisimamisha nguzo, kila moja na kivuli chake na rangi yake, nyuma yake nikatandaza picha ya Ngome, pembeni nikaweka kisanduku cha kueleza rangi ipi ni mwezi upi. Injinia akaitazama kwa muda, akaniuliza bibi harusi ataketi wapi. Akasema jicho la mtu litakuwa lakimbia kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kisanduku na kurudi, na likichoka litausahau ufa. Ya Aqeel ilikuwa karatasi nyeupe na mstari mmoja mweusi uliopanda kuelekea mstari mwekundu, na juu ya ule mwekundu ameandika papo hapo: Hatari. Basi. Mtoto wa chekechea angeweza kuichora. Hilo ndilo lililoniunguza, kwamba angeweza, nami sikuweza.

Siku ya kikao wazee wakajaa sebuleni kwa Shangazi. Aqeel akaitundika karatasi yake, kubwa kama shuka, kisha akanyamaza, maana Injinia amemfunza kwamba grafu nzuri hujisemea. Shangazi akavaa miwani, akaifuata kwa kidole polepole, uso ukachanua.

"Alhamdulillahi," akasema. "Ufa wapona."

Aqeel akamwambia kwa adabu kwamba mstari wapanda. Shangazi akamjibu kuwa yeye si kipofu, auona washuka, na penye sifuri Mungu atauziba. Wazee wakaitikia amina, kahawa ikapita. Aqeel akaikunja karatasi yake, masikio mekundu.

Saif, mimi nilijua saa ile ile. Shangazi hakwenda skuli. Amesoma chuo cha Kurani, na barua zake zote hadi leo huziandika kwa herufi za Kiarabu. Jicho lake huanzia kulia. Ukiuanza ule mstari kulia, hauna budi kushuka. Mimi niliketi mkekani pake nikifunzwa alifu na bee kwa kidole kile kile, na katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyeelewa. Nikanywa kahawa yangu. Nilifurahi, kakangu. Nilifurahi kumwona Aqeel ameaibika, na Shangazi akarudi kulala chini ya ule ukuta.

Lakini kumwacha pale sikuweza. Asubuhi nikaenda nikamwambia nimeona kunguni katika kitanda chake, nikakihamishia chumba cha nyuma. Alinitukana wiki nzima kwa kumsingizia uchafu. Ndipo ushujaa wangu ulipofika. Neno la kweli lilikuwa moja, nami nikaenda kubeba kitanda.

Aqeel hakulala na aibu yake. Alirudi peke yake, akaketi na Shangazi, akamwomba amwoneshe alipoanzia kusoma. Kidole kikaenda kulia. Kijana akacheka mwenyewe, akaenda akaichora upya kinyume: Rajabu mkono wa kulia, kisha Shaabani, Ramadhani, hadi Mfunguo Tatu mkono wa kushoto, karibu na hatari. Akaniletea niandike majina ya miezi kwa Kiarabu, akisema hati yake ni ya kuku aliyekanyaga wino. Nikaandika. Hicho tu.

Shangazi aliisoma amesimama. Kidole kikagusa wekundu. Akauliza, "Na nyote mulikuwa mwaniona nalala humu?" Akaanza kukunja shuka.

Sasa yuko Tudor kwa dada yetu Ruweida, na mbao zimeshaegemezwa ukutani. Lakini aliijua hati yangu, kwa kuwa ndiye aliyenifunza, akatangaza kwamba mwanawe Fahmi ndiye aliyechora. Aqeel alikuwa amesimama pale pale. Akanitazama, akatabasamu, akaniachia sifa. Hata kwa ukarimu amenishinda, bwana. Tangu siku hiyo kila kikombe cha Makadara chanichoma ulimi.

Ruweida na wanawe wakusalimu. Injinia Badruddin akusalimu pia, aulizia ile halwa uliyomwahidi. Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na Mungu akuregeshe kwetu salama. Na ukimpigia Shangazi, mwambie wewe, mimi mdomo wangu haufunguki: grafu ni ya Aqeel. Mimi sikuichora.

Nduguyo,
Fahmi