Bati za Shangazi

Uyole, Mbeya

Kamwene, Mama Neema,

Hamjambo huko Kalenga? Neema kikohozi kimepona? Mimi mzima, napasua mbao na kula ugali. Naandika kwa kuwa simu unaikata kila nikimtaja Shangazi. Barua utaisoma hadi mwisho, nakujua.

Nasikia nyumba yetu huko imekamilika na watu wanakusifu: vyumba vinne, na hatukununua hata msumari. Waambie basi vilitoka wapi. Shangazi, aliyenilea tangu mama afariki, alisema mjane peke yake hana haja ya nyumba nzima wakati sisi tunapanga chumba Kihesa. "Bomoeni yangu mkajenge moja, mimi mnipe chumba tu." Nawe ukamjibu kwa simu, nikiwa nimekaa hapo hapo: "Njoo Shangazi, cha upande wa jua ni chako."

Paa nilipanda mwenyewe. Bati, milango, madirisha, matofali, vyote vikaondoka kwa lori. Misumari iliyopinda aliinyoosha yeye juu ya jiwe, mmoja mmoja, na vidole vyake vile vinavyouma. Matundu ya bati akayaziba kwa lami. Kwake limebaki jiko la nje tu. Humo ndimo anamolala sasa, na baridi ya Uyole unaijua.

Bati la mwisho lilipokwisha kupigiliwa huko, ukaniambia kwa simu: "Mimi sikuolewa kutunza vikongwe." Asante ya punda ni mateke, lakini kwako wewe hata punda ana nafuu. Nami ni mwoga. Ningekuwa mwanamume ningepanda basi siku ileile nije tuelewane. Badala yake nilikwenda kumwambia kwamba chumba hakuna.

Nilimkuta amefunga nguo zake kwenye khanga, tayari kwa safari. Nikamwambia. Akauliza, "Mwanangu, Neema analazwa upande gani? Lile bati lenye kutu pembeni, kulia, lina tundu moja sikulifikia. Mwambie mkwe asimlaze chini yake, mtoto atalowa."

Basi umesikia, mhamishe mtoto. Msalimie kaka yako, fundi wetu. Msalimie na mama yako, ambaye nasikia ndiye anayelala chumba cha upande wa jua. Mwulize kama kuna joto.

Mumeo,
Baba Neema