Pikipiki Mbili kwenye Mteremko wa Sake

Mugunga, Goma

Mama wangu mpenzi,

Kavira wako ni mzima, na tangu niolewe mashavu yangu yamejaa, ingawa hapa kambini hakuna cha kumnenepesha mtu. Wewe je? Kifua kinakuacha ulale? Moshi wa kukaushia samaki usiuvute sana. Na viboko, bado wanapita mbele ya mlango asubuhi kama wenye mji? Barabara ya Vitshumbi ingekuwa wazi ningekuja mwenyewe kukuonyesha mume wangu, lakini vita vimekaa katikati yetu. Basi pokea karatasi hii kwa mkono wa sista anayetupelekea barua.

Kupitia kwake ulinitumia swali moja tu: "Huyo Janvier anakupenda kweli, ao ni maneno ya vijana?" Mama! Nitakujibu, lakini acha nianzie mbali.

Janvier alikimbia Masisi na mama yake. Ni mrefu, mpole, na kwenye kifundo cha mguu ana alama ya kuunguzwa na bomba la moshi la pikipiki. Naipenda hata alama hiyo. Tunaishi na mama mkwe chini ya turubai moja, tumetenganishwa kwa kitenge. Sisi tukicheka, yeye anakohoa. Ndoto yetu ni chumba mtaani Ndosho chenye mlango. Mlango tu, mama, wa mbao, unaofungwa kwa ndani.

Ndiyo maana nilirukaruka Patron alipomwita Janvier. Patron ni mfanyabiashara wa maharagwe. Malori hayapandi tena Masisi, kwa hiyo anatafuta pikipiki za milimani za kubeba magunia. Alinunua mbili zilizokwisha kutumika, moja deux temps, yaani injini ya mipigo miwili, na nyingine quatre temps, ya mipigo minne, akaita madereva wawili: mume wangu na kijana wa Ndosho anayeitwa Safari.

"Munijaribie zote mbili," alisema. "Ile iko nguvu, nitanunua zingine za aina ile. Na mwenye kunirudishia pikipiki bila mukwaruzo, kazi ni yake."

Siku ya kwanza walijaribu bila mzigo, juu ya mawe ya volkano. Janvier alirudi ananukia petroli, akanieleza habari za pikipiki hizo kama mtu anayesimulia mabinti wa familia moja. Deux temps ni nyepesi na ina wazimu. Inataka petroli iliyochanganywa na oili, inatoa moshi wa buluu, inalia kama nyuki ndani ya kopo, na ukiigusa tu imekwisha kuruka jiwe. Quatre temps ni nzito, haina haraka, lakini inavuta kutoka chini bila kulalamika. Na kwenye mteremko, ukiachia gesi ya mkononi, injini yenyewe inaishika isikimbie.

"Na ile ingine?" nikamuuliza.

"Ile ingine, ukiachia gesi, nayo inakuachia. Unabakia na frein tu, breki peke yake."

Sikuelewa vizuri. Nilikuwa ninatazama midomo yake.

Kesho yake ilikuwa zamu ya kujaribu na mzigo. Patron hakuleta magunia. Alikuja kambini na ndoo ya unga, akatafuta watu wa kupanda nyuma kwa bakuli moja kila mmoja.

"Maharagwe ikimwangika, ni hasara," alisema. "Mutu akianguka, anasimama."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Mzee Bonane, jirani yetu asiye na mtu tangu mapigano, akajitokeza. Nami nikajitokeza, si kwa unga, mama. Harusi yetu haikuwa na safari.

"Bibi-arusi iko na kilo ngapi?" Patron akanipima kwa macho. "Hii ni nusu gunia. Janvier, uko unamulisha kweli?"

Tulipanda kilima cha Sake, mimi na Janvier kwenye quatre temps. Ah, mama! Nililaza shavu mgongoni mwake, nikasikia injini na moyo wake vikienda pamoja, ziwa likibaki chini yetu. Safari alitupita na mzee kwenye deux temps, moshi na kelele, hata wanawake waliokuwa wanapalilia walijitupa chini kwenye mihogo wakidhani ni risasi. Patron, aliyetufuata na jeep, alicheka mpaka akafuta macho.

Juu alisema, "Mubadilishane."

Janvier akapanda deux temps. Nilikimbia kukaa nyuma yake, na mzee alikuwa ameshashuka kunipisha. "Kaa, mama, ndoa haitenganishwi," alisema.

Janvier alitazama mteremko. "Kavira, shuka. Enda na Safari."

"Nimekukosea nini?"

"Shuka!"

Hakuwa amewahi kunikaripia. Nilishuka machozi yakinitoka.

"Bila muzigo haiko majaribio," Patron akasema kutoka dirishani.

"Basi ni mimi tena?" mzee akauliza.

Janvier alikipiga kiti nyuma yake kwa kiganja, mara mbili, na mzee akapanda.

Nilikuwa nyuma yao na Safari, tunashuka taratibu, injini inanguruma na kutushika. Pikipiki ya mbele yetu ilinyamaza kabisa, ikazidi kukimbia. Nikasikia harufu ya breki. Kwenye kona Janvier aliilaza kwenye ukingo wa udongo ili wasiende bondeni. Yeye alisimama na kiwiko kilichochubuka. Mguu wa mzee ulibaki chini ya pikipiki.

Patron aliinua pikipiki, akafuta tangi kwa leso yake. "Quatre temps," alisema. "Sasa tunajua." Kazi akampa Safari. Mimi akanijazia bakuli. La mzee akalipima hadi katikati, akasema, "Huyu alifika nusu ya njia."

"Na muguu, Patron," mzee akamwambia akiwa amelala chini, "nao utaupima nusu?"

Janvier alimbeba mgongoni mpaka kwetu. Mzee amefungwa vijiti mguuni, na sasa tuko wanne chini ya turubai. Chumba cha Ndosho tumeacha kukitaja.

Juzi nilipompelekea mzee uji, alinitazama sana. "Mama, bwana yako anakupenda. Weye alikushusha. Miye alinipigia kiti."

Hakusema kwa hasira. Janvier alikuwa nje ananawa. Maji yakaacha kumwagika.

Basi jibu ndilo hilo, mama. Ananipenda. Nilifurahi, na bakuli nikaliweka chini bila kumtazama mzee usoni.

Nisalimie mama mdogo anayetia samaki chumvi, mjomba anayeshona nyavu, na kaka yangu mkubwa. Mwambie shemeji yake anamsalimu. Masista wakipata njia, nitumie samaki mmoja mkavu, mnene. Si wa Janvier. Ni wa mzee.

Binti yako anayependwa,

Kavira