Ukurasa wa 94

Jumatatu, 3 Machi

Saiba ya Wambui tena, duka lake la kompyuta, ghorofa ya tatu, mjini. Kurasa mia moja themanini na saba za zabuni ya serikali. Kila moja namba juu, kila moja sahihi fupi chini. Mkono umekufa ganzi.

Tenda yangu ya kwanza ilitupwa kwa sababu ukurasa mmoja haukuwa na namba. Ukurasa wenyewe ulikuwa mtupu, hauna hata nukta. Ya pili, cheti cha kodi kilikuwa kimeisha siku mbili kabla ya sanduku kufunguliwa. Siku hizi natia namba kila karatasi inayotoka mkononi mwangu. Ndogo, kwa penseli, pembeni. Halafu naiandika kwenye kitabu cha barua: karatasi gani, imeenda kwa nani, siku gani, na anayepokea anatia sahihi. Baba anasema karibu nitie namba chapati.

Ukurasa wa 94 ndio unaoniudhi. Kazi za serikali ulizowahi kufanya. Nimeandika: Hakuna. Miaka mitatu tangu nisajili kampuni ya Mbuvi na Binti, miaka mitatu ya Hakuna. Hupewi kazi mpaka uwe umewahi kupewa kazi. Plasta yangu iko kwenye nyumba ngapi za Waithaka? Lakini plasta haigongwi muhuri.

Wambui kaniambia nikae, namzungusha kichwa. Sikukaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimetumbukiza tenda ya tatu sandukuni. Saa nne kasoro. Karani wa mapokezi amenizoea sasa. Akaniuliza kwa nini najisumbua na milango mikubwa. Kuna kampuni kubwa imepata ukarabati wa zahanati ya serikali kule Woodley, akasema, na mkataba unawalazimu kutoa sehemu kwa kampuni ndogo ya wanawake. Ukifanya chini yao, injinia wa serikali anakuandikia barua kwamba umefanya. Na barua hiyo ndiyo unayoikosa.

Miaka mitatu na hakuna mtu aliyenifungulia hilo. Nilikasirika badala ya kufurahi.

Nimetoka pale mbio mpaka ofisi za hiyo kampuni, huku Ngong Road. Nimesubiri kuanzia saa tano hadi saa nane. Bwana Njuguna, meneja wa mradi, yuko mkutanoni. Nimeacha faili. Karani wake ametia sahihi kwenye kitabu changu akicheka.

Alhamisi, 6 Machi

Njuguna amepiga. Kesho saa tatu.

Nimepiga pasi blauzi mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata. Nimepata. Ukuta wa nyuma na vyoo vya wagonjwa.

Njuguna ni mtu wa adabu, anavuta kiti ukae. Anatoka familia ya siku nyingi ya hapo Dagoretti, anamjua kila mtu. Alisoma faili yangu yote, au alijifanya kusoma. Akaomba nakala ya cheti cha kampuni za wanawake. Halafu akaomba karatasi mbili zenye nembo ya kampuni yangu, tupu, nizitie sahihi na muhuri kabisa. Barua za kawaida, akasema, ili tusisumbuane kila siku kuja na kurudi.

Nikazitia.

Najua. Lakini yeyote katika kazi hii anajua ni jambo la kila siku. Ukikataa unaonekana mshamba. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami sikutaka kamba yangu ionekane. Nimeziandika tu kitabuni kwa mazoea, karani akatia sahihi, tukaagana.

Nimewaambia watu wangu sita. Musyoka, fundi wangu wa mawe, alikuwa ameahidiwa nyumba ya mtu binafsi kule Kikuyu, kazi ya miezi miwili. Nimemwambia aiache. Ameiacha kwa neno langu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nimetoa shukrani mbele ya watu. Baba amenisindikiza nyumbani. Yeye alijenga miaka arobaini, mikono yake haifungiki tena vizuri. Kwenye chai akaniuliza ardhi ya pale ikoje.

Sijaiona, nikamwambia.

Akaweka kikombe chini. Umekubali ukuta kwenye ardhi ambayo hujaipiga chuma kujua ugumu wake. Hakuuliza, alisema tu. Nikamjibu vibaya. Nimejuta lakini sikumwomba radhi.

Jumanne, 11 Machi

Njuguna hapigi. Nimeosha mabeseni ya saruji yaliyokuwa safi. Nimenoa mwiko. Nimempigia mara nne, ya tano akapokea. Tulia, Madam, mambo inasonga.

Sijui kutulia. Sikuzaliwa nayo.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna simu. Wingu zito upande wa Ngong. Mvua ikianza kabla ya msingi, tumekwisha. Musyoka amepita kuuliza. Nimemwambia mambo yanasonga. Nimejichukia kutumia maneno ya Njuguna.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda Woodley mwenyewe. Sikualikwa.

Kibao cha mradi kimesimamishwa langoni. Jina la mkandarasi mkuu kwa herufi kubwa. Chini yake, mkandarasi mdogo: Mbuvi na Binti. Jina la baba yangu, limepakwa rangi ya bluu, mbele ya watu. Nilisimama nikalisoma kama mjinga. Moyo ulijaa.

Halafu nikasikia majembe.

Nyuma ya zahanati kuna watu kumi wanachimba mtaro wa ukuta wangu. Sijawahi kuwaona. Nikamuuliza msimamizi wao nani amewapa kazi. Mbuvi, akasema, kwa kampuni. Nikamwambia Mbuvi ni mimi.

"Kumbe Mbuvi ni mathe? Sisi tulijua ni mzee fulani anakaa tu home."

Walicheka kwamba Mbuvi ni mama, si kwa ubaya. Nikaingia mtaroni na viatu vyangu vya mjini. Kina hakifiki hata gotini. Na si ardhi, ni udongo wa kujaza, vipande vya vigae na mifuko ya plastiki vinachungulia. Nilichomeka chuma kikazama kama kwenye ugali. Upande wa pili wa ukuta huo kuna benchi ambapo akina mama hukaa na watoto wakisubiri chanjo. Mawe futi nane juu ya takataka, na jina letu langoni.

Nimefika nyumbani. Hasira na woga vimechanganyika, sijui kipi kinatangulia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda ofisini kwa Njuguna. Hakukana. Alivuta kiti kama kawaida. Akatoa barua kwenye faili akaisukuma mezani. Nembo yangu, sahihi yangu, muhuri wangu. Inasema Mbuvi na Binti wamemwomba mkandarasi mkuu awafanyie ukuta na vyoo kwa niaba yao. Tarehe 10 Machi.

"Madam, cheti yako inafanya kazi, wewe unapumzika. Kila mwezi unatumiwa kitu yako. Shida iko wapi?"

"Shida iko kwa msingi. Huo ukuta utaanguka."

"Si wewe unajenga."

"Jina ni langu."

Akanitazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Akasema wenzangu wote wanafanya hivyo, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tena akasema nikianza kelele hakuna kampuni kubwa Nairobi itakayonipa hata shimo la choo. Nifikirie mpaka Jumatatu.

Nilikuwa nainuka nilipoiona. Pembeni mwa ile barua, kwa penseli, ndogo: 042.

Hakuwa ameiona.

Jumamosi, 15 Machi

Kitabu cha barua kiko mezani tangu asubuhi. Mstari uko wazi. Ijumaa, 7 Machi. Namba 041 na 042, karatasi tupu zenye sahihi na muhuri. Sahihi ya karani wake.

Tupu. Niliandika tupu.

Kwa hiyo naweza kuthibitisha kwamba barua ile si yangu. Swali ni kama nataka. Niandike ukweli, hakuna anayesoma: nazitaka pesa za Njuguna. Karo ya mwanangu Ndanu inakaribia. Nataka pia kulala mchana kama watu wengine wenye kampuni. Nikinyamaza, barua ya injinia itakuja ikisema nimejenga, na 94 itajaa. Nikisema, 94 inaweza kubaki Hakuna mpaka nizeeke.

Musyoka ameuliza kama ile kazi ya Kikuyu bado ipo. Nimemwambia aende. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nimemweleza Baba yote. Nilidhani atanigombeza kwa karatasi tupu. Alikanda vidole. Akasema aliwahi kujenga ukuta wa shule hivi hivi, mwenye kazi akimharakisha, akajua na akanyamaza. Ulianguka wakati wa likizo. "Hakuna mtu aliumia," akasema. "Lakini mimi hupita mbali na hiyo shule mpaka leo."

Miaka arobaini na moja mimi ni mtoto wake, sikuwahi kulisikia hilo.

Jumatatu, 17 Machi

Sikwenda kwa Njuguna. Nimekwenda mjini, kwa injinia wa serikali anayekagua mradi. Mama mfupi, buti zina udongo mkavu, ofisi imejaa ramani. Nimempa kitabu. Akaitoa nakala ya barua kwenye faili yake, akaileta dirishani, akaitafuta ile penseli. 042 ilikuwepo, imefifia lakini ipo.

Halafu akauliza swali moja tu. Hii sahihi ni yako?

Ni yangu.

Akasema basi nami nina kosa. Anayetia sahihi karatasi tupu amewauzia watu ulimi wake. Alisema bila ukali, akiandika. Masikio yalinichoma kama mtoto wa shule. Ana haki. Nimemwambia habari ya udongo na ya benchi la chanjo. Hapo kalamu ikasimama.

Hakuniahidi chochote. Ametia sahihi kitabuni kwamba amepokea maelezo yangu, niliyoyaandika pale pale. Namba 043.

Jumanne, 18 Machi

Njuguna amepiga mara saba. Sijapokea. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini haya ni baridi.

Alhamisi, 20 Machi

Injinia alifika Woodley jana, nimesikia kwa msimamizi wa wale wachimbaji. Amepima mtaro, amesimamisha kazi. Wale vijana kumi wamekaa bila kibarua kwa sababu yangu. Hawakuwa na kosa. Hilo halinitoki.

Nimetembea kutoka Woodley mpaka Jamhuri na kurudi bila sababu. Miguu tu.

Jumamosi, 22 Machi

Kimya. Nimepaka rangi geti ambalo lilikuwa na rangi.

Ndanu ameniuliza kama tumefilisika. Nimemwambia aende akasome. Halafu nikamfuata chumbani nikamweleza, ana miaka kumi na tano, ataelewa. Akaniuliza kwa nini nilitia sahihi. Nikamjibu lile la kuku mgeni tu.

Jumatatu, 24 Machi

Njuguna amepiga nikapokea. Sauti kavu, lile neno Madam limepotea. Uamuzi wa injinia umetoka: mkandarasi mdogo aliyeandikwa achimbe mwenyewe, au aondolewe kwenye mkataba. Ukuta nichukue. Vyoo sahau. Na baada ya huu, tusijuane.

Nikasema sawa. Nikauliza kama wale vijana wachimbaji naweza kuwachukua. Akasema niwachukue hata mababu zao.

Nimekata simu nikakaa chini sakafuni. Nilitaka kulia, hakikuja kitu. Nikampigia Musyoka. Amekwisha kuanza Kikuyu, hawezi kuvunja neno mara mbili. Namwelewa. Inaniuma.

Jumatano, 26 Machi

Tunachimba. Watu wangu watano na wale kumi. Futi tatu, bado vigae. Futi nne, kiatu cha mtoto. Wananung'unika, wananiita mathe wa shimo. Mvua imetishia mara mbili ikapita. Mgongo sina. Kila saa natazama juu halafu natazama chini.

Msimamizi amesema tumefika mbali vya kutosha. Nikamwambia tuendelee.

Ijumaa, 28 Machi

Futi tano na nusu. Udongo mwekundu, mkavu, mgumu.

Nimemleta Baba. Aliteremka ngazi polepole, vijana wakimshika mikono, akaomba kile chuma. Akapiga sehemu tatu. Kililia kila mara. Akapanda juu, akajipangusa suruali, akaniambia nimwage konkriti kabla ya mvua.

Langoni alisimama mbele ya kibao. Alilisoma jina lake, akasogea, akafuta vumbi kwenye herufi ya kwanza kwa mkono wa koti. Tukaenda nyumbani.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua tangu asubuhi, ya kutulia. Ukuta una wiki tatu na umesimama. Hakuna kampuni kubwa iliyonipigia tena, na ile tenda ya tatu ilikataliwa. Musyoka alipita jana, amekula, ametania, hakuuliza kama kuna kazi.

Barua ya injinia imekuja. Ukurasa mmoja, muhuri wa bluu. Inasema ukuta wa nyuma wa zahanati ulijengwa na Mbuvi na Binti. Inataja kina cha msingi.

Nimefungua faili ya tenda. Nimetoa karatasi inayosema Hakuna, nimeweka hii mahali pake. Baba amekuwa akinitazama kutoka kwenye kiti chake. Nimechukua penseli nikaandika pembeni, ndogo: 94.

Halafu nikakaa.